FILAMU YA MTANGAZAJI MWEMA NA BAHASHA ISIYOONEKANA



Katika siku za Idd iliyopita vijana wetu kadhaa wa Nyanga, hapa Bukoba, walikesha wakitazama filamu ya Kimarekani iitwayo American Hot Wax, iliyotolewa mwaka 1978 na kuongozwa na Floyd Mutrux. Si filamu ya uchi wala ya bunduki, na ndiyo maana wazee waliopita sebuleni hawakuona sababu ya kuizima. Kesho yake vijana wale wakatujia na hoja. Walisema: mnaona? Hata huko Marekani wazee na wenye mamlaka walimwandama mtangazaji wa redio kwa kosa la kupiga muziki walioupenda vijana, na mwishowe historia ikampa haki yeye. Basi nanyi mnaotukemea kwa ajili ya redio, mtakuja kuaibika vivyo hivyo.

Hoja hii inastahiki jibu, haistahiki kemeo. Tumeitazama filamu yenyewe (naam, tumeitazama, asiyeona asihukumu), na tunaandika haya kwa ajili ya vijana wale na kwa ajili ya wazazi wao, na kama msomaji atakavyoona mbele, kwa ajili ya nafsi zetu pia.

Filamu inamhusu mtu aliyeishi kweli, Alan Freed. Mwaka 1951 alikuwa akitangaza usiku katika kituo cha WJW mjini Cleveland, akipiga rekodi za watu weusi ambazo vituo vingi vya Wazungu havikuzitaka. Yeye ndiye aliyeueneza muziki ule kwa jina la rokenroli. Machi 21, 1952 aliandaa dansi katika ukumbi wa mji huo, watu wakafurika kuliko nafasi, na shughuli ikavunjwa kabla ya wakati wake. Mwaka 1954 akahamia New York. Filamu inamwonesha mwaka 1959, katika siku zake za mwisho za utukufu, akiigizwa na Tim McIntire: mtu mpole, mchovu, asiyelala, mlango wake uko wazi kwa kila kijana mwenye wimbo mfukoni, na maadui zake ni polisi na watoza kodi wenye nyuso za chuma.

Uadilifu unatulazimisha tuseme lililo jema kabla ya lililo baya. Katika zama zile ilikuwa desturi wimbo wa mtu mweusi uimbwe upya na Mzungu kama Pat Boone, na rekodi ya Mzungu ndiyo ipigwe redioni na kuuzwa. Freed alipiga rekodi ya mwenyewe. Katika maonesho yake watoto wa Kizungu na wa Kinegro, kama walivyoitwa wakati huo, walikaa ukumbi mmoja. Mwaka 1957 kipindi chake cha televisheni kilifutwa baada ya mwimbaji kijana mweusi, Frankie Lymon, kuonekana akicheza na msichana wa Kizungu, na vituo vya majimbo ya kusini vikaghadhibika. Kuhusu dansi lile lenyewe, msimamo wetu mnaujua. Lakini waliokifuta kipindi kile hawakukifuta kwa kuchunga maadili. Walikifuta kwa chuki ya rangi, na sisi hatuwi upande wa wabaguzi kwa sababu tu nao hawakupenda ngoma.

Sasa tuje kwenye kile kilichoachwa nje ya picha. Novemba 1959 Freed alifukuzwa katika kituo cha WABC kwa kuwa alikataa kutia saini tamko kwamba hajawahi kupokea fedha ili apige rekodi. Mwaka 1962 alikiri mahakamani makosa mawili ya hongo ya kibiashara, akatozwa faini ya dola 300 na kupewa kifungo cha nje. Alifariki Januari 20, 1965 akiwa na umri wa miaka 43, amefilisika, na kesi ya kodi ikiwa juu yake. Ni kweli pia kwamba hakuwa peke yake. Dick Clark, mtangazaji aliyekuwa na hisa katika makampuni ya muziki aliokuwa akiupiga, aliuza hisa zake, akahojiwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1960, akaendelea kutajirika. Aliyeadhibiwa ni yule aliyependwa na weusi. Dhuluma hiyo tunaiona. Lakini dhuluma ya hakimu haimsafishi mla rushwa.

Na hapa pana jambo ambalo vijana wetu hawakuambiwa na filamu. Mwaka 1955 Chuck Berry, kijana mweusi wa St. Louis, alirekodi wimbo wake wa kwanza, Maybellene. Rekodi ilipotoka, chini ya jina la wimbo paliandikwa watunzi watatu: Berry, Alan Freed, na mtu mwingine aitwaye Russ Fratto. Freed hakutunga hata neno. Jina lake liliwekwa pale ili kila nakala ikiuzwa naye apate fungu, na akipata fungu aupige wimbo usiku kucha. Berry alisubiri mpaka mwaka 1986 ndipo haki ya wimbo wake ikamrudia yote. Miaka thelathini na moja!

Katika filamu, Chuck Berry huyo huyo anatokea kwa sura yake mwenyewe. Watoza kodi wanapozuia mapato ya onesho, anakubali kupanda jukwaani bila malipo, kwa mapenzi ya muziki. Mwaka ule wa 1978 fungu la wimbo wake lilikuwa bado halijarudi mikononi mwake. Aliyenyang'anywa anaoneshwa akimfanyia hisani mnyang'anyi wake, na watazamaji wanatokwa na machozi. Wapo watakaotuambia kwamba hiyo ni filamu tu, mchezo. Sisi tunasema mchezo huo una kazi: unawafundisha vijana wenye vipaji kwamba kudai chao ni uchoyo, na kwamba anayekula jasho lao ni rafiki yao.

Watu wa Muleba na Bukoba hawahitaji mwalimu kutoka Cleveland kulielewa hili. Tunayo butura. Mkulima ana shida ya ada au ya mgonjwa, kahawa bado ni maua juu ya mti. Anakuja mwenye fedha, anampa kidogo leo, na msimu ukifika anachuma yeye gunia zima. Serikali imeikataza butura, na dini yetu iliikataza zamani: Mtume (SAW) alikataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kukomaa kwake, akauliza kwa maana hii, je, Allah akiyazuia matunda yale, mtu atahalalisha kwa kitu gani mali ya ndugu yake? Wimbo wa Maybellene uliuzwa ungali ua. Nyimbo ngapi za vijana wetu zinauzwa hivyo?

Tusijifanye hatujui. Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango wa redio binafsi, na Radio One kuanza mwaka 1994, muziki wa kizazi kipya umekuzwa na redio kama vile rokenroli ilivyokuzwa. Mtoto wa mkoa huu, marehemu Ruge Mutahaba, aliyezikwa hapa Bukoba mwaka 2019, alikuwa miongoni mwa waliosimamisha Clouds FM, na wasanii wengi walimlilia kama mzazi. Wengine, kama Joseph Mbilinyi aitwaye Sugu, walilumbana naye hadharani juu ya maslahi ya wasanii. Tunamtaja kwa sababu ni wetu, hatumtuhumu kwa lolote, na maiti ana Mola wake. Tunachosema ni kwamba swali la nani anafaidi halikuletwa na masheikh. Wasanii wenyewe ndio waliolileta. Neno «kubaniwa» ni lao. Mtafiti Alex Perullo, katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya muziki wa Dar es Salaam, ameandika kuhusu malipo ya siri kwa watangazaji, na hakuna msanii aliyesema ameota.

Kwa nini basi mimbari zetu hazikulisema? Kwa sababu tumezoea kupigana na mdundo. Novemba 1969 wakuu wa serikali mjini Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, wakadhani wameokoa vijana; mdundo ukazibwa mlango mmoja ukaingia kwa mwingine. Hitilafu za wanazuoni juu ya ala za muziki zinajulikana na hatuziingii hapa. Rushwa haina hitilafu. Mtoaji na mpokeaji wote wawili wamelaaniwa, na hatujapata kusikia khutba hata moja juu ya bahasha ya redioni.

Na sababu ya pili ni chungu zaidi. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, vijana wa madrasa moja ya Muleba walirekodi kaswida. Wakaipeleka katika kituo kimoja cha redio. Hatutasema kipi wala cha mji gani. Mtangazaji akaisifu sana. Kisha akasema kwamba kipindi kina foleni, na kwamba «mafuta» yakipatikana ataisogeza mbele. Vijana wakarudi msikitini, kamati ikakaa, na mmoja wetu sisi tunaoandika ukurasa huu alikuwapo. Zikatolewa noti tano za elfu kumi. Zilitoka wapi? Katika sanduku la sadaka. Kaswida ikapigwa usiku ule ule, na sisi tukafurahi, tukapongezana kwa simu.

Kila mmoja wetu alikuwa ameshasoma kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (SAW) kukusanya zaka, akarudi na kusema hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfuata huko. Mtangazaji yule, angekaa nyumbani kwa mama yake, je, kamati yetu ingempelekea elfu hamsini?

Wapo watakaotutetea. Watasema kwamba mtu akilazimishwa kutoa ili apate haki yake, dhambi ni ya mpokeaji. Kauli hiyo ipo na wanazuoni wengi wameisema. Lakini je, kupigiwa kaswida usiku ule ilikuwa haki yetu? Muda wa redio haukuwa mali yetu. Foleni aliyoisema, kama ilikuwapo, ilikuwa ya watu wengine waliotangulia, nasi tukawaruka kwa fedha za masikini. Pengine mmoja wao alikuwa yatima wa Kamachumu mwenye wimbo wake halali na mfuko mtupu. Hatukutetea haki, tulinunua nafasi ya mwingine.

Wapo pia watakaosema kwamba bila ya kulipa hatusikiki. Anayetaka kutangaziwa na alipe dirishani, apewe risiti, na msikilizaji aambiwe kwamba hili limelipiwa. Wamarekani walilazimika kuiweka katika sheria mwaka 1960, kwa sababu ya hao hao kina Freed. Na hapa kwetu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiwahusu watumishi wa serikali peke yao. Wakala au mwajiriwa anayepokea hongo nyuma ya mgongo wa mwajiri wake, hata katika kampuni binafsi, imo ndani yake. Msanii naye asipe mtu jina la utunzi asiyetunga, hata akiahidiwa mbingu. Mirabaha ya redioni, ambayo COSOTA ilianza kuwagawia wasanii mwaka 2022, inafuata jina lililosajiliwa. Aliyeuza jina lake leo atawatazama wengine wakipanga foleni ya chake.

Vijana wa Nyanga tuliwajibu hivi, kwa urefu zaidi na kwa chai. Mmoja akauliza kama basi Freed alikuwa mtu mbaya. Tukamwambia alifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa dhuluma, kisha akakaa mlangoni kutoza ushuru. Akanyamaza, halafu akauliza kuhusu elfu hamsini.

Fedha zile tumezirudisha kutoka mifukoni mwetu, watu watatu, Ijumaa iliyopita baada ya swala, mbele ya kamati. Mtangazaji alipiga simu kuelekea mwezi huu kuulizia «mafuta» mengine, tukamjibu kwamba hayapo. Kaswida haijapigwa tena.