Anwani ya barua pepe isife na bili

Mwezi wa Juni ndio unaonilipia kodi ya chumba changu cha saiba hapa Kitengela. Siku ya mwisho ya kujaza ritani za KRA ni Juni 30, na anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au zaidi, kwa hivyo kila mtu anakumbuka wiki ya mwisho. Wengi nawamaliza upesi. Wanaonitoa jasho ni waliosahau pasiwadi ya iTax huku anwani yao ya barua pepe ikiwa imeshakufa.

Mmoja wao ni mwalimu mstaafu anayeuza ploti upande wa Isinya. Kampuni iliyomfungia intaneti ofisini ilimpa pia anwani inayoishia kwa jina la kampuni, akaipenda kwa kuwa ilionekana ya kikazi. Akaichora kwenye bango kando ya barabara ya Namanga, akaiandika katika mikataba ya mauziano, akaisajili KRA na eCitizen. Mtandao ulikuwa ukipotea kila mvua ikinyesha, naye akahamia kampuni nyingine, haki yake. Bili ilipokoma, kisanduku kikafungwa. Tulipoomba pasiwadi mpya, iTax ikajibu kwamba ujumbe umetumwa.

“Binti yangu, umetumwa wapi?”

“Kwa ile anwani ya zamani, Mwalimu.”

Ikabidi apande matatu hadi Kajiado mjini, kwenye dawati la KRA katika Huduma Centre, kitambulisho mkononi. Hilo angalau lilikuwa na dawati. Wateja wake walioko Qatar na Marekani, wanaomtumia risiti za benki kwa anwani ileile, hawana dawati la kwenda. Wao wanaona kimya tu, na Kajiado hii, ambako tumesikia ploti moja ikiuzwa kwa watu watatu, kimya cha wakala kinatisha.

Msimamo wangu ni kwamba kampuni inayompa mteja anwani isiruhusiwe kuifunga siku anapoondoka. Ufaransa sheria inaitaka kampuni ya intaneti imwachie mteja aliyehama barua zinazoingia kwenye anwani yake kwa muda wa angalau miezi sita, bila malipo. Miezi sita ingemtosha Mwalimu kuwaarifu wanunuzi na hata kumtafuta mchoraji wa mabango.

Kwa upande wa simu, sisi wenyewe tulishakubali jambo hili. Tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhama mtandao wa simu na nambari yake. Waliohama ni wachache, maana M-Pesa haikuhama nao, lakini haki ipo. Barua pepe haikuguswa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kudai data zako ziende nawe, na ninavyoisoma mimi, barua za zamani unaweza kuzidai. Barua itakayotumwa kesho kwa anwani ileile haimo.

Kampuni zitalalamika kuhusu gharama. Gharama ipo, ila ni ndogo: kuelekeza barua za anwani moja ziangukie nyingine ni mpangilio mfupi kwenye seva. Wala si usumbufu tu ninaoulilia hapa. Kampuni ikifa na jina lake la kikoa likanunuliwa na mtu mwingine, huyo mgeni anaweza kuanza kupokea barua za wateja wote wa zamani, zile za kubadilishia pasiwadi zikiwemo.

Mpaka Mamlaka ya Mawasiliano iliandike sharti hilo kwenye leseni, nawashauri wateja wangu wasikate huduma ya zamani kabla ya kubadilisha anwani KRA, eCitizen na benki, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha mabadiliko huweza kutumwa kwa anwani ileile unayoikimbia. Gmail ya bure inawatosha wengi, mradi nambari ya simu ya kuirejesha iwe yako. Wapo wenzetu wa saiba wanaomfungulia mteja anwani kwa nambari yao wenyewe ili amalize upesi aondoke, na mteja huyo kesho hana tofauti na Mwalimu.

Mwenye biashara bora anunue jina lake la .co.ke, ambalo husimamiwa na KENIC. Ada ya mwaka haipiti bei ya kilo mbili za nyama ya mbuzi, na kampuni ya intaneti unaweza kuibadilisha upendavyo bila anwani kutikisika. Lakini hapo pia fungua macho. Kijana anayekutengenezea tovuti anaweza kulisajili kwa jina lake. Mwambie akuonyeshe nani ameandikwa kuwa mwenyewe, na akiwa ni yeye, abadilishe kabla hujammalizia malipo.