Mwanariadha Chuoni: Ni Nani Anayemponyosha Kitabu?

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii aghalabu hutolewa kumkanya mwanafunzi anayekimbia uwanjani huku akisoma darasani. Naonelea kuwa huelekezwa kwa asiyestahili. Mbili anaweza kuzishika. Kinachomlemea ni la tatu analotwikwa na wakubwa, nalo ni fedha.

Ushahidi tunao papa hapa nyumbani. Mike Boit alitwaa nishani ya shaba katika mbio za mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Alisomea Marekani, akahitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Oregon, kisha akarejea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mbio zilimfikisha kitabuni, na miguu ilipochoka kitabu kilibaki naye. Henry Rono naye, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Baadaye alitopea katika ulevi hata akakosa makao, kabla ya kujinyanyua na kuwa mwalimu. Alifariki mwaka 2024. Sidai kwamba chuo ndicho kilichomponza. Ninalosema ni kwamba rekodi nne hazikutosha kumkinga.

Tangu enzi hizo, fedha zimezidi kutawala michezo ya vyuo vya Marekani. Mwaka 2024, vyuo kumi kati ya kumi na viwili vya ligi ya Pac-12 viliihama, vingi vikifuata fedha za televisheni. Stanford, iliyo karibu na pwani ya Pasifiki, ikajiunga na ligi iliyopewa jina la bahari ya Atlantiki! Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, huruhusu saa 20 tu za michezo kwa wiki, lakini saa za safarini hazihesabiwi. Je, mwanafunzi anayevuka bara zima kwenda kushindana atausoma wakati gani mhadhara uliompita?

Mwezi Juni 2025, mahakama iliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Sipingi malipo hayo. Jasho la mtu ni haki yake. Hata hivyo, sehemu kubwa imeelekezwa kwa mpira wa miguu wa Kimarekani na mpira wa vikapu wa wanaume. Riadha imebaki kuokota makombo. Chuo kile kile cha Rono kilitangaza mwaka huo kwamba kinaondoa mashindano ya kuruka na kurusha. Isitoshe, viza ya mwanafunzi wa kigeni humbana asifanye kazi ya kulipwa apendavyo, hivi kwamba Mkenya anaweza kushiriki mashindano yale yale bila kuufikia ujira wa mwenzake.

Marekebisho ninayoyapendekeza ni matatu. Kwanza, ufadhili umfuate mwanafunzi hadi ahitimu, hata akiumia au akiondolewa kikosini. Pili, saa za safari zihesabiwe katika zile 20, na michezo isiyoleta fedha ishindaniwe baina ya vyuo jirani. Tatu, sehemu ya mapato ya televisheni itengewe masomo ya wanamichezo wote, wakiwemo wale ambao televisheni haiwaonyeshi.

Huenda msomaji akauliza: ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa kuwa vijana wetu wa Bonde la Ufa wangali wanafuatwa na makocha wa huko wakiwa shule za upili, na barua ya ufadhili ikifika, kijiji kizima hushangilia. Tushangilie, lakini mzazi na mwalimu wasikubali kalamu iguse karatasi kabla ya kupata majibu ya maswali mawili: mtoto huyu atasomea nini, na goti lake likivunjika mwaka wa pili, ni nani atakayemlipia karo? Kocha asiyeweza kuyajibu atakuwa amekuja kutafuta miguu tu, na miguu, ndugu zangu, haiandiki mtihani.