Mwenye kura nyingi si lazima awe mbunge

Imani iliyoenea Nizi, kama ilivyoenea katika teritwari nzima ya Djugu, jimboni Ituri, na sehemu kubwa ya Kongo, ni kwamba kiti cha ubunge ni haki ya mgombea aliyewapita wenzake kwa kura. Akitajwa mwingine mwenye kura pungufu, watu hawahitaji ushahidi zaidi: kura zimeibwa. Imani hiyo ndiyo huongoza mapokezi ya matokeo. Machimboni, sokoni, kwenye maegesho ya pikipiki njia ya Iga-Barrière, watu hushika namba moja tu, kura za mtoto wao, na kuipambanisha na namba ya yule aliyetajwa redioni. Wakiona ya kwao imezidi, kesi imekwisha. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake ni makubwa kuliko upotofu wenyewe, kwa sababu huwageuza raia wenye haki ya kudai kuwa umati unaodai jambo ambalo sheria haijawahi kuliahidi.

Sheria ya uchaguzi ya Kongo ni ile nambari 06/006 ya tarehe 9 Machi 2006. Imefanyiwa marekebisho mwaka 2011, 2015, 2017 na 2022, lakini msingi wake kuhusu ubunge umebaki palepale. Mahali penye kiti kimoja tu, mwenye kura nyingi anakichukua. Mahali penye viti vingi, na Djugu ni miongoni mwao, viti hugawiwa listi za vyama na miungano ya vyama, kisha ndani ya kila listi ndipo hutazamwa nani ana kura nyingi. Mpiga kura humchagua mtu mmoja, anaiona picha yake na namba yake, na huondoka akiamini kwamba amempigia huyo peke yake. Kisheria amefanya mambo mawili kwa mkupuo: ameiongezea listi kura moja, na amempandisha mtu wake ngazi moja ndani ya listi hiyo. Jambo la kwanza ndilo linaloleta kiti.

Hesabu yenyewe haina ugumu wa kumshinda mtu anayepima dhahabu kila siku kwa mizani ndogo. Tuseme eneo lina viti 3 na kura halali 60,000. Gawanya 60,000 kwa 3, unapata 20,000. Hiyo ndiyo bei ya kiti. Listi ya kwanza ina wagombea watatu wenye kura 11,000, 9,000 na 8,000, jumla 28,000. Listi ya pili ina 7,000, 6,000 na 4,000, jumla 17,000. Listi ya tatu ina 6,000, 5,000 na 4,000, jumla 15,000. Listi ya kwanza inanunua kiti kimoja kwa kura 20,000 na kubakiwa na 8,000. Nyingine mbili hazijafikia bei, kwa hiyo zinabaki na kura zao zote. Viti viwili vilivyosalia huenda kwa mabaki makubwa zaidi, nayo ni 17,000 na 15,000. Matokeo: wa kura 11,000 ameingia bungeni, wa 7,000 ameingia, na wa 6,000 pia. Wa kura 9,000 na wa 8,000 wamebaki nyumbani. Hakuna karatasi iliyoguswa, hakuna mashine iliyochezewa, hakuna aliyehongwa. Lakini mahali anapotoka yule wa 9,000, hakuna atakayelala akiamini hivyo.

Mwaka 2017 kikaongezwa kizingiti: chama au muungano usiofikisha asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima haupati kiti cha ubunge wa taifa katika mgawanyo huo wa listi. Hapo ndipo mtu anaweza kuongoza kwa kura katika eneo lake zima, akapendwa na vijiji vyote kuanzia Lopa hadi Mongbwalu, na bado akakosa kiti kwa sababu chama chake hakikupata watu wa kutosha Kinshasa, Katanga na Kasai. Mtu anaweza kuiona sheria hiyo kuwa kali kwa watu wa pembezoni, na hoja hiyo ina uzito. Lakini sheria kali na wizi ni vitu viwili, na dawa zake ni mbili tofauti.

Imani hii haikuzuka bure. Tarehe 20 Desemba 2023 mpiga kura wa Djugu alisimama mbele ya mashine ileile akamchagua rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Kura ya rais huhesabiwa kwa njia nyepesi kabisa: tangu katiba ilipobadilishwa Januari 2011 hakuna duru ya pili, mwenye nyingi ameshinda. Kura za wabunge, zilizotoka katika mashine hiyohiyo siku hiyohiyo, hufuata njia nyingine. Ni nani aliyefika Nizi kulieleza hilo? Kampeni za uraia zilifundisha namna ya kubonyeza picha na kutumbukiza karatasi sandukuni. Namna kiti kinavyopatikana iliachwa kwa wanasheria.

Kisha kuna majirani. Habari za uchaguzi mdogo wa Uganda, Kenya na Tanzania hufika Ituri kila mara, na huko kila eneo la ubunge lina kiti kimoja. Arumeru Mashariki, nchini Tanzania, tarehe 1 Aprili 2012, Joshua Nassari wa CHADEMA alimshinda Sioi Sumari wa CCM, na hapakuwa na listi ya kutazama. Mwenye nyingi akaenda Dodoma. Anayesikia habari hizo huchukulia kwamba ubunge ni ubunge popote pale. Kongo hata uchaguzi mdogo wa aina hiyo haupo kwa kawaida: kila mgombea huingia na wasaidizi wawili wa kumrithi, na mbunge akifariki au akipewa uwaziri, msaidizi wa kwanza hukaa kwenye kiti pasipo mtu yeyote kupiga kura tena. Wako watu Djugu ambao wangeshangaa kuambiwa kwamba siku ile walichagua watu watatu kwa kidole kimoja.

Wasioshangazwa na lolote katika haya ni wagombea wenyewe. Wao ndio wanaoijua hesabu ya listi kuliko mtu mwingine yeyote, na mwenendo wao unaonyesha. Mwanasiasa huhama kutoka muungano mmoja hadi mwingine miezi michache kabla ya uchaguzi, itikadi ikiwa ileile au haipo kabisa, kwa sababu amepima wapi kura zake chache zitabebwa na za wenzake. Wakuu wa miungano hutafuta watu wenye jina katika kila kona, mwalimu huku, mfanyabiashara kule, mtoto wa chifu pale, wakijua kwamba hawataingia bungeni. Kazi yao ni kuleta kura 2,000 au 3,000 zitakazomwinua kinara. Wengi wao huahidiwa kitu, wengine hawaambiwi ukweli. Siku ya matokeo inapofika, mgombea huyohuyo aliyekokotoa mabaki makubwa usiku kucha husimama mbele ya vijana na kuwaambia wameporwa. Huo ni udanganyifu, na unapaswa kuitwa hivyo hata kama aliyeufanya ni mtu wa nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hii inalifunua, nalo ni zito zaidi kwa Djugu. Watu hupiga kura wakiamini kwamba kiti ni cha kabila: Hema wana chao, Lendu wana chao, Mambisa, Ndo-Okebo na Nyali wanatafuta chao. Lakini kura husafiri ndani ya listi. Anayempigia mtu wa ukoo wake aliyewekwa kuijaza listi tu anaweza kuwa amempeleka Kinshasa mtu wa jamii nyingine kabisa, ambaye hakuwahi kukanyaga kijijini kwake. Kwa hiyo swali la "huyu ni mtoto wa nani?" halimtoshelezi mpiga kura hata kwa kipimo chake mwenyewe cha kikabila. Swali lenye maana ni hili: yuko kwenye listi gani, na ni nani wengine walio humo?

Wapo watakaojibu kwamba maelezo haya yanawafunika wezi. Wizi upo, tena mkubwa. Tarehe 5 Januari 2024 CENI, tume ya uchaguzi, yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa makosa ya udanganyifu, wakiwemo mawaziri na gavana wa Kinshasa, na ikafuta uchaguzi wote wa Masimanimba katika Kwilu na Yakoma katika Nord-Ubangi. Maeneo hayo mawili yalirudia kura tarehe 15 Desemba 2024, karibu mwaka mzima baada ya wenzao. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba iliwavua ubunge watu kadhaa wa upinzani, kisha ikawarudishia wengi wao wiki chache baadaye. Baada ya hapo hakuna anayeweza kumlaumu raia kwa kuyatilia shaka matokeo. Shaka ni ya haki. Lakini shaka iliyojengwa juu ya hesabu isiyo sahihi humnufaisha mwizi halisi. Pale ambapo kila aliyeshindwa analia kuibiwa, kilio cha yule aliyeibiwa kweli hakina cha kukitofautisha na vingine, na hakimu hupata sababu rahisi ya kukitupilia mbali.

Wizi wa kura una alama zake, na alama hizo ziko karibu na watu kuliko wanavyodhani. Baada ya kuhesabu, na hesabu yenye nguvu kisheria ni ile ya mkono, karatasi moja moja, matokeo ya kila ofisi ya kura huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni. Mara nyingi mlango huo ni wa darasa la shule ya msingi. Karatasi ina majina, kura za kila mmoja, kura zilizoharibika, idadi ya waliopiga, na saini za wasimamizi pamoja na mashahidi wa vyama. Karatasi hiyo ndiyo yenye thamani kuliko hotuba zote za mwezi mzima wa kampeni. Kijana mwenye simu akiipiga picha usiku huohuo, na wenzake wakafanya hivyo katika kila ofisi, Nizi ina ushahidi ambao hakuna kituo cha kujumlisha matokeo kinachoweza kuubadilisha kimyakimya. Kwa kawaida mvua huilowesha, watoto huichana, na wiki tatu baadaye, majina yanapotangazwa, watu huanza kutafuta haki yao katika kumbukumbu za walivyomshangilia mgombea uwanjani.

Mfano wa Kampala unafaa hapa. Uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini ulifanyika tarehe 13 Machi 2025 kufuatia kifo cha mbunge Muhammad Ssegirinya, na Erias Nalukoola wa chama cha NUP akatangazwa mshindi. Tarehe 26 Mei Mahakama Kuu iliufuta uchaguzi huo. Miongoni mwa sababu ni kwamba matokeo ya vituo 14 hayakuingizwa katika jumla. Wako wanaoipinga hukumu hiyo hadi leo. Hata hivyo kilichobishaniwa mahakamani kilikuwa vituo, karatasi na majumlisho. Shangwe na machozi ya mtaani hayakuwa na meza ya kuwekwa.

Madhara ya imani hii hayafanani kila mahali. Mahali penye amani humalizika kwa matairi yaliyochomwa. Djugu ni nchi iliyopitia vita vya 1999 hadi 2003 na mauaji yaliyoanza upya Desemba 2017, yenye maelfu kwa maelfu ya watu wanaoishi kambini, na iliyo chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, huku gavana akiwa mwanajeshi. Mahali kama hapo, neno "tumeibiwa" haliishii kwa CENI. Hugeuka kuwa "wao wametuibia", na kila mtu anajua "wao" ni akina nani. Siku ya kura ya 2023 kituo kimoja mjini Bunia, hukohuko Ituri, kilivamiwa na vifaa vyake vikaharibiwa, kura zikiwa hazijaanza hata kuhesabiwa. Mwanasiasa anayerusha neno hilo bila karatasi mkononi anajua anakolirusha.

CENI nayo haiwezi kuachwa pembeni. Kutangaza jina la mshindi pasipo kura za kila listi, bei ya kiti na mabaki, kwa lugha inayosikika sokoni, ni kuwaachia watu wabuni maelezo yao wenyewe. Redio za Bunia zina Kiswahili cha kutosha kuisoma hesabu ya Djugu kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa chini ya nusu saa. Zifanye hivyo kabla ya uchaguzi ujao, kwa mfano wa kubuni, na zirudie kwa namba halisi siku ya matokeo. Yeyote anayeona mgawanyo wa listi unawaonea watu wa Djugu adai sheria ibadilishwe. Imekwisha kubadilishwa mara nne. Na anayeamini kura zimeibwa alete karatasi za mlangoni: chama, muungano au mgombea aliyejisimamia ana siku 8 tangu matokeo ya muda yatangazwe kuzifikisha Mahakama ya Katiba.