Makohozi yakikosa jibu, tupime maji

Nianze na habari ya jirani yangu mumoja. Alifanya myaka mingi mu mashimo ya Kolwezi. Mwaka jana alianza kusikia kama kisu mu mbavu kila mara anavuta pumzi. Mangaribi homa, usiku jasho, na mukaba wa suruali ukazidi kurudi nyuma. Ku hospitali moja walipima makohozi yake mara mbili: hakuna mikrobe. Wakamuambia: "Papa, hauna TBC, ni kazi ya nguvu tu, enda upumzike."

Kiisha miezi tatu, radio ikaonyesha kama upande mumoja wa kifua umejaa maji. Munganga mwingine aliyavuta kwa sindano, akamuanzishia dawa ya kifua kikuu kwa kukisia tu. Alipona. Lakini wakati ule biashara ya bibi yake ya unga ilikuwa imekwisha kufa, na mutoto wao mumoja alikuwa ameacha masomo.

Labo ya kwanza haikudanganya. Ilitafuta mikrobe fasi yenye haikukuwa. Kifua kikuu hakikae paka ndani ya mapafu. Kinaweza kushika ngozi yenye kufunika mapafu, tezi za shingo, tumbo, mifupa ya mugongo, hata ngozi ya ubongo. Kule mikrobe inakuwa kidogo sana. Hata GeneXpert, mashine yenye tunasifu, mara mingi haiione mu maji ya kifua. Kuiotesha mu labo kunaomba majuma mingi.

Lakini kuko njia ingine. Sisi watu wa Katanga tunajua kama fasi kunaota maua fulani, chini kunaweza kuwa shaba. Hatujaona jiwe, tumeona alama yake. Maji ya kifua pia iko na alama. Wakati mwili unapigana na TBC, chembe nyeupe za damu zinatoa kitu kinaitwa adenozini dezaminazi, ao kwa kifupi ADA. Waganga wa Italia waliandika juu ya kipimo hiki mu maji ya kifua tangu mwaka 1978. Leo, mu inchi zenye TBC ni mingi, kama ADA inapita 40 kwa litre moja, na chembe nyingi mu maji ni zile zinaitwa lenfosite, munganga iko na sababu kubwa ya kuanza dawa.

Na kipimo hiki hakiombe mashine ya ajabu. Kinaweza kufanywa na spektrofotometre, ile yenye labo mingi inatumia kwa kupima sukari. Kwa sehemu kubwa kunabakia kununua dawa za kupimia na kufundisha watu wa labo.

Wamoja watasema: munganga anaweza kukisia, kama kwa ule jirani. Ndiyo, na mara ingine analazimishwa. Lakini maji mu kifua inaweza kutoka ku kansere, ku moyo, ao ku usaha wa ugonjwa mwingine. Mwenye kukisiwa vibaya atameza dawa miezi sita, dawa zenye zinaweza kuumiza maini, na ugonjwa wake wa kweli utaendelea kukomaa. ADA pia haikose mupaka: usaha na kansere fulani zinaweza kuipandisha, na haionyeshe kama mikrobe inakataa dawa. Kwa hiyo inasaidia munganga, haimufukuze. GeneXpert ibakie pembeni yake.

Pesa itatoka wapi? Kanuni ya mine ya mwaka 2018 inasema kama 15% ya redevanse ya mine inaenda ku komine ao sheferi yenye mawe inatoka. Tena kampuni inapaswa kutoa hata 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Vumbi ya mawe inaumiza mapafu na kufungulia TBC mulango. Basi ile pesa ya mawe iweke kipimo cha ADA mu kila hospitali kubwa ya zone ya afya kwenye tunachimba. Ni haki yetu, hatuombe sadaka.

Wakati mukutano wa komine unaitwa, tusiulize tu juu ya barabara na poto za umeme. Tuulize: labo yetu inaweza kupima maji ya kifua? Kama haiwezi, ni juu ya nini?

Na wewe mwenye kusoma: kama pumzi inakata, mbavu inauma, homa inarudi kila mangaribi na kilo zinashuka, usikubali jibu la makohozi peke yake. Omba radio. Kama kuko maji, uliza munganga namna gani itapimwa. Dawa za kifua kikuu ni za bure. Tunapoteza watu kwa kuchelewa kujua.