Kuku Asiyekula

Likizo ya Agosti, nyumbani Mtito Andei, mji ambao abiria wa Mombasa na Nairobi huujua kwa chai ya katikati ya safari na sisi wenyeji huujua kwa ukame wake, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12 alinionyesha katika simu ya mamaye shamba la kuku lisilohitaji mtu wa kuamka alfajiri. Amelijenga katika Minecraft, mchezo wa matofali uliobuniwa na Msweden Markus Persson na kutolewa kamili mwaka 2011. "Mjomba, mimi naenda zangu kujenga nyumba," alisema kwa fahari, "na kuku wanaendelea wenyewe."

Nilipotazama kwa makini nilistaajabu. Kuku 24 walisimama katika nafasi ya mita moja ya mraba. Yai likidondoka lilimezwa na faneli, faneli ikalitia katika sanduku, na sanduku likalirusha ukutani, ambapo kwa bahati moja katika nane hutoka kifaranga. Kifaranga hukua chini ya tabaka la lava ambalo, kwa ufupi wake, haligusi, hata baada ya dakika 20 kichwa chake kinapolifikia, huanguka nyama iliyokwisha kuiva. Tulipiga hesabu pamoja: kila kuku hutaga takriban mayai manane kwa saa, kwa hiyo kila saa huleta kifaranga kimoja, na shamba zima vifaranga 24.

Wako wazee ambao, wakisikia habari hii, wataamuru simu ifungiwe kabatini. Siwaafiki. Mtoto aliyepanga njia ya yai kutoka tagoni hadi sahanini amekwisha kufikiri kwa taratibu, na fikira hiyo ni rasilimali. Wala mchezo huu si wa upuuzi mtupu: shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, liliutumia Kibera ili wakazi wachore kwa matofali hayo uwanja wautakao, kabla ya fundi kushika sepeto.

Walakini shamba lile lina ila moja, nayo ndiyo kiini cha ufugaji wote: kuku wake hawali. Mbegu katika mchezo ni za kuwavuta na kuwazalisha, si za kuwashibisha. Asiyepewa hata punje huishi milele na kutaga vilevile. Basi nikamwambia mpwa wangu tuhamishe kuku wale 24 hadi ua wetu. Kuku wa mayai hula kadiri ya gramu 120 kwa siku. Hao wote watakula karibu kilo 3, na kwa mwezi watamaliza gunia zima la mahindi lipungukalo kilo chache tu kutimia 90, katika nchi ambayo mvua ikikosa msimu mmoja binadamu mwenyewe hutafuta gunia hilo asilipate. Yai nalo huatamiwa siku 21, na kifaranga, akisalimika na mwewe na nguchiro, atangoja miezi mitano au sita kabla ya kutaga. Ukiingia mdondo katika banda ambalo halikuchanjwa, wiki moja yatosha kuacha manyoya matupu.

Kwa hivyo rai yangu kwa wazazi, na kwa walimu wa somo la Kilimo na Lishe, ni kwamba mchezo usipigwe marufuku bali ukamilishwe. Mwanafunzi aujenge mtambo wake, kisha aandike daftari la pili lenye safu za chakula, maji, chanjo na siku za kungoja, maana mtu akijua mapato asijue matumizi hajawa mfugaji. Ni mtazamaji wa bahati yake mwenyewe.

Mpwa wangu nimempa tembe mmoja wa kienyeji, nikamwachia shughuli yote. Siku tatu za mwanzo alikuwa akiniuliza atataga lini. Siku ya nne aliniuliza gorogoro ya mtama ni shilingi ngapi sokoni, na hapo nilijua kwamba shamba lake limeanza.