Mwimbaji si Mali ya Wasikilizaji Wake

Katika toleo la muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu aliandika kwa ukali juu ya waimbaji wakongwe wanaobadili muziki wao. Alisema kwamba mwimbaji ni kama mwenye duka: watu wamezoea kununua sukari kwake, basi siku wakija asiwapimie chumvi. Alimtaja Neil Young kuwa mfano mbaya kuliko wote, na wengi walimsifu kwa maneno yale. Nami naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu, si kwa kuwa nina chuki naye (twalala bweni moja, na kitanda chake ni cha tatu kutoka changu), bali kwa kuwa naona hoja yake nusu ni ya kweli na nusu ina madhara.

Kwanza yafaa wasiomjua mtu huyu waelezwe. Neil Young ni mzaliwa wa Toronto, Kanada, wa mwaka 1945. Mwaka 1966 alikuwa mmoja wa walioanzisha bendi ya Buffalo Springfield mjini Los Angeles, na baadaye akaimba pamoja na Crosby, Stills na Nash, na pia kwa jina lake peke yake. Mwaka 1972 alitoa santuri ndefu, au albamu kama isemwavyo siku hizi, iitwayo Harvest, nayo katika Marekani iliuzwa kuliko nyingine zote za mwaka ule. Ni muziki wa taratibu wa gitaa na kinanda cha mdomo, na juu yake sauti nyembamba yenye kutetemeka, kama ya mtu aliye karibu kulia. Sauti hiyo ndiyo waliyoipenda watu. Wenye sauti nzuri kuliko yake ni wengi mno, lakini hakuna mwingine aliye na ile.

Basi mwishoni mwa mwaka 1982, alipokuwa na umri wa miaka 37, alitoa albamu iitwayo Trans. Katika muziki wa roki, ambao hujiita muziki wa vijana, mtu wa umri huo mwenye miaka 16 ya kurekodi alikwisha hesabiwa kuwa mkongwe. Albamu ile ina nyimbo 9, na katika 6 kati ya hizo sauti yake haisikiki kama tuijuavyo. Imepitishwa katika chombo kiitwacho vokoda.

Wanafunzi wa fizikia watapenda kujua chombo hiki hufanyaje kazi. Mtu husema au huimba mbele ya kipaza sauti. Chombo hugawanya sauti yake katika mafungu mengi, ya chini, ya kati na ya juu, kikapima nguvu ya kila fungu kwa kila nukta ya wakati. Kisha vipimo vile hutiwa katika sauti ya kinanda cha umeme, nacho kinanda huanza kutamka maneno. Aliyekibuni ni Homer Dudley, mtaalamu wa maabara za Bell huko Marekani, katika miaka ya 1930, wala hakuwa na nia ya kuwafurahisha watu wachezao dansi. Alitaka maneno ya simu yachukue nafasi ndogo zaidi katika waya. Wajerumani wa bendi ya Kraftwerk walikuwa wamekwisha kukitumia katika muziki wao kabla ya Young, na hakuna aliyewalaumu, kwa sababu wao walianza hivyo.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Katika safari yake ya Ulaya mwaka 1982 Young aliziimba nyimbo hizi mpya kabla albamu haijatoka. Watu walikata tiketi wakiwa na Harvest vichwani mwao, naye akasimama mbele yao na mitambo, akaimba kama roboti. Nyimbo za zamani pia alizipiga, lakini zile mpya ziliwaduwaza. Na santuri ilipofika madukani, wapenzi wake waligawanyika. Wapo waliodhani kwamba anawadhihaki. Wapo waliosema kwamba amefilisika kimawazo, sasa anafuata mitindo ya watoto. Na wapo wachache walioshika msimamo kwamba mtu huyu tangu zamani hakai mahali pamoja, hata mwaka 1973, mara tu baada ya Harvest, alikwenda jukwaani na nyimbo za huzuni na za ovyo ovyo ambazo watu hawakuzitaka, na leo wengi wanaziheshimu.

Mwenzetu amesimama pamoja na wale wa kwanza. Nami nasema wazi kwamba siwaoni kuwa wajinga. Mtu aliyetoa fedha yake ya jasho kununua santuri ana haki ya kusema, “Hii siipendi.” Sikio ni lake na fedha ilikuwa yake. Tena Trans yenyewe ina kasoro, na si ajabu kwamba iliwachanganya watu. Zile nyimbo 3 zisizo na vokoda zilitoka katika kazi nyingine aliyokuwa ameianza huko Hawaii, naye akazishonea pamoja na zile za mitambo kama mtu ashonaye kanzu kwa vitambaa vya aina mbili. Wimbo wa kwanza kabisa hauna dalili yoyote ya yale yatakayofuata. Na ule uitwao Computer Cowboy, kwa maoni yangu, ni mzaha ambao huchosha kabla haujafika nusu. Kama mwenzetu angaliishia hapo, nisingalichukua kalamu.

Lakini yeye hakuishia hapo. Alisema Young “hakuwa na haki” ya kutoa santuri ile. Neno haki si dogo, na katika habari hii lilifika hadi mahakamani.

Young alikuwa ameingia mkataba na kampuni ya Geffen, iliyoanzishwa mwaka 1980. Baada ya Trans kampuni ilimtaka apige muziki wa rock and roll. Naye, kwa kiburi au kwa utani, mwaka 1983 akawapa kama walivyosema: albamu iitwayo Everybody's Rockin', ya mtindo wa miaka ya 1950, fupi isiyofika hata nusu saa. Mwaka ule ule kampuni ikamshtaki, ikidai dola milioni 3.3, kwa sababu kwamba muziki aliowapa haukufanana na wa Neil Young. Tafadhali msomaji soma tena sentensi hiyo. Neil Young alishtakiwa kwa kosa la kutofanana na Neil Young. Mwishowe mambo yalisuluhishwa, na David Geffen mwenyewe baadaye akaomba radhi. Ila mimi huona kwamba shtaka lile lilikuwa ni maneno ya mashabiki wenye hasira, yaliyovikwa joho la wakili. Aliyesema “Huyu si Neil wetu” akiwa kwenye kiti chake cha ukumbini, na kampuni iliyosema hivyo mbele ya hakimu, wote walidai kitu kimoja, yaani kwamba wao wanajua vizuri kuliko mwenyewe yeye ni nani.

Hapa mfano wa duka hauna nguvu tena. Sukari haina mtu ndani yake. Mwenye duka akibadili bidhaa, yeye mwenyewe hakubadilika. Lakini mwimbaji wa namna hii huuza kile kilichompata. Na katika miaka ile kulikuwa na jambo zito lililompata, ambalo wengi wa wasikilizaji hawakulijua.

Mwaka 1978 Young na mkewe walipata mtoto wa kiume mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mwili wake haukumtii na ambaye hakuweza kusema. Kwa muda wa mwaka na zaidi wazazi walishinda nyumbani wakimfanyisha mazoezi saa nyingi kila siku. Baba alikuwa akitafuta njia ya kuzungumza na mwana asiyeweza kutoa neno, na njia zile zilikuwa ni vifungo na mitambo. Alimtengenezea hata kifungo kikubwa cha kuendeshea garimoshi la kuchezea, na mambo hayo yalimwingia moyoni hata mwaka 1995 akawa mmoja wa walioinunua kampuni ya Lionel, itengenezayo magarimoshi ya watoto. Mwaka 1986 mkewe alikuwa miongoni mwa walioanzisha shule huko California kwa watoto wasioweza kusema, iitwayo Bridge School, na Young akaisaidia kwa matamasha ya kila mwaka, ambayo yaliendelea, isipokuwa mwaka mmoja, hadi 2016.

Sasa tusikilize tena Trans. Wimbo uitwao Transformer Man ni wa baba kwa mwanawe. Sauti ile ya juu iliyogeuzwa, ambayo maneno yake hayashikiki, si pambo. Young ameeleza baadaye kwamba msikilizaji haelewi maneno ya wimbo kama yeye naye alivyokuwa haelewi maneno ya mwanawe. Nadhani ni mara chache sana mtu amewatia maelfu ya watu wasiomjua katika shida ile ile aliyo nayo nyumbani kwake, kwa njia ya kuwaudhi tu. Wale walioghadhibika kwa sababu hawasikii anachosema, bila kujua, walikuwa wamelisikia jambo lenyewe.

Ushahidi ulikuja mwaka 1993. Katika kipindi cha televisheni cha MTV, ambamo wanamuziki walipiga bila mitambo ya umeme, Young aliuimba wimbo huo huo kwa gitaa la kawaida na kwa sauti yake ya asili. Wimbo uliodhaniwa kuwa wa roboti ukaonekana kuwa wa kubembeleza mtoto. Tulipousikia katika Chama cha Muziki muhula huu, wale wale waliocheka wiki iliyotangulia walitaka urudiwe.

Mwenzetu aweza kuniambia, “Basi kama alikuwa na wimbo mzuri namna ile, kwa nini aliuficha katika mashine? Kosa ni lake.” Hoja hii ina uzito. Nami nimeifikiria sana. Najibu kwamba wimbo wa mwaka 1993 ni wa mtu aliyekwisha pita katika jambo, amekaa, anakumbuka. Ule wa mwaka 1982 ni wa mtu aliye ndani yake bado. Mimi naupenda ule wa pili zaidi, ni rahisi kuupenda. Lakini wa kwanza ndio wa kweli zaidi kwa siku ile. Ya nini kumtaka mtu alie kwa utaratibu ili sisi tuelewe?

Lakini wapo pia wasikilizaji wa namna nyingine, nao nimewaona hapa hapa shuleni. Baada ya kusikia habari za mtoto, walianza kuisifu Trans yote tangu mwanzo hadi mwisho, hata ule mzaha wa Computer Cowboy. Jana ilikuwa takataka, leo ni hazina. Hao sikubaliani nao vile vile. Huruma ni jambo jema, lakini si sikio. Kumsifu mtu kwa sababu amepatwa na shida ni namna nyingine ya kutomsikiliza. Vijana wa bendi ya Sonic Youth walipoupiga tena wimbo wake Computer Age katika albamu ya mwaka 1989, ambayo sehemu ya mapato yake ilikwenda kwa Bridge School, hawakuupiga kwa machozi. Waliupiga kwa kelele na kwa nguvu, kama watu walioona ndani yake muziki wa kufanyia kazi. Heshima ya namna hiyo ndiyo niionayo kuwa bora. (Na mwaka uliofuata bendi hiyo nayo ilitoa albamu chini ya kampuni ile ile ya Geffen. Dunia ni ndogo.)

Jambo la mwisho ni la hapa nyumbani. Wanachama wa Chama cha Muziki wanajua kwamba tuna desturi ya kupiga kura: santuri ikiwa haipendezi, mikono ikiinuka nusu ya chumba, mwalimu huombwa aiondoe. Trans iliondolewa katika wimbo wa tatu. Hesabu mwenyewe, msomaji: Transformer Man ni wa nne. Wengi wa walioinua mikono jioni ile hawakujua walichokikataa, na mwenzetu aliyeandika makala ile alikuwa mmoja wao.

Napendekeza kwamba kuanzia muhula ujao kura hiyo isipigwe kabla upande wa kwanza wa santuri haujakwisha. Upande mmoja hauzidi dakika 25 au hivi, nao ni muda mfupi kuliko tunaoutumia kungojea maharage jikoni. Baada ya hapo anayetaka kuondoka na aondoke, na anayetaka kuandika makala ya kumlaani mwimbaji na aandike, nami nitaisoma kwa furaha. Nimekwisha kumpa katibu wa chama pendekezo hili kwa maandishi, na mkutano ni Jumamosi ya pili baada ya kufungua shule. Sisi wa Kidato cha Nne wakati huo tutakuwa tumekwisha ondoka, kwa hiyo itawabidi wa Kidato cha Tatu walijadili wenyewe.