Kazi Zipi Ziandikwe?

Siku hizi vijana wetu wa Tanga wanarudi nyumbani na shahada ya sheria, tena wamepita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Wamekwisha kuapishwa kuwa mawakili. Sasa wanatafuta ofisi ya kuwapokea. Hapo wengi hukwama: katika wasifu wao, wataje zipi katika kazi walizozifanya zamani?

Tumfikirie kijana wa hapa Nguvumali. Ameendesha bodaboda, amekuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge, amefundisha shule, tena amekaa dukani wiki mbili. Je, aziandike zote? La. Ajiulize hivi: kazi hii ilinifundisha nini ambacho wakili anakihitaji?

Wakili hutunza fedha za watu, siri zao, na tarehe za mashauri yao. Basi karani wa mizani aliyetoa hesabu bila upungufu amekwisha kuonyesha uaminifu. Kazi hiyo iandikwe, pamoja na mstari mmoja wa kueleza alichokifanya. Ualimu nao uandikwe, maana aliyewaeleza watoto hesabu ngumu ataweza kumweleza mjane haki yake katika mirathi. Zile wiki mbili za dukani zaweza kuachwa. Na bodaboda? Ikiwa ndiyo iliyomlipia karo, au ikiwa kutoitaja kutaacha pengo la miaka miwili, aiandike bila kuona haya.

Wala asidhani kwamba kazi isiyo ya sheria humshushia mtu heshima. Marehemu Augustino Ramadhani alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi, akafika cheo cha brigedia. Naye ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania tangu 2007 hadi 2010.

Lakini angalieni: kuacha si kuficha. Akiulizwa kazi zake zote, azitaje zote, hata ile aliyofukuzwa. Asiongeze miezi, wala asijipe cheo ambacho hakupewa. Simu moja kwa bwana wake wa zamani yatosha kumfichua. Wakili huishi kwa kuaminiwa na mahakama na wateja. Akiingia kazini kwa karatasi ya uwongo, atamwambia nani aseme kweli kizimbani? Njia ya mwongo ni fupi.

Wazazi, kaeni na vijana wenu muisome karatasi hiyo pamoja kabla haijapelekwa.